Mtu Mzima Acheleweshwe Mkanda, Lakini Asinyimwe Mtihani

Wacha niseme hili mapema, na sensei akinuna anune: mtu mzima mwenye kazi, watoto na deni la Fuliza hapaswi kupewa mkanda wa karate kwa kuhurumiwa. Pia hapaswi kunyimwa mtihani eti kwa sababu ratiba ya klabu ilipangwa kana kwamba sisi wote bado tunaletwa mazoezini na mama zetu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nimeshaona klabu moja ikiyafanya yote mawili siku moja. Asubuhi dada mmoja aliambiwa mahudhurio yake hayatoshi. Saa sita mchana jamaa ambaye hawezi kusimama kwa mguu mmoja akapandishwa daraja, kwa sababu alikuwa ametuma pesa mapema.

Nasema haya nikiwa ndani. Nafanya Shotokan, mkanda wangu kwa sasa ni wa kijani, na kazi yangu mnaijua: kupiga video za harusi na ruracio wikendi, kuzihariri usiku, halafu katikati ya hayo kuwaandikia nyinyi maoni ambayo hakuna aliyeniomba. Jumamosi, siku ambayo karibu kila klabu ninayoijua huweka mtihani, ndiyo siku yangu ya kutafuta kodi ya nyumba. Na mimi niko miaka ya ishirini na kitu tu, sina mtoto, magoti bado mazima. Sasa fikiria mtu wa miaka 38.

Kwa wale ambao karate yao ni ya sinema, mambo yako hivi. Unaanza na mkanda mweupe. Madaraja ya wanafunzi yanaitwa kyu na yanahesabiwa kurudi nyuma, kutoka kumi au tisa hadi moja, kutegemea chama. Ukimaliza kyu ya kwanza ndipo unafanya mtihani wa shodan, mkanda mweusi, na neno hilo lenyewe maana yake ni daraja la mwanzo. Ndiyo, la mwanzo. Ule mkanda ambao watu wa mtaa wanaona kama kilele, kwa wenyewe ni mlango wa kuingilia. Rangi za katikati hutofautiana kidogo, lakini njano, chungwa, kijani, zambarau na kahawia utazikuta sehemu nyingi. Mtihani una sehemu tatu: kihon, yaani ngumi, mateke na kukinga ukitembea mbele na nyuma kwa amri; kata, yaani miondoko iliyopangwa unayofanya peke yako; na kumite, mtu kwa mtu.

Sasa, ukimuuliza sensei kwa nini mtihani lazima uwe Jumamosi, kila miezi mitatu, kwa mkupuo, utajibiwa kwamba hiyo ndiyo desturi. Mimi nikisikia neno desturi huwa nashika simu nianze kusoma. Na nikisoma naona kitu tofauti.

Mfumo wa madaraja haya ulitoka kwenye judo. Jigoro Kano alianzisha Kodokan mwaka 1882 huko Tokyo, na alikuwa mwalimu wa kazi, mtu wa shule na vyuo. Ndiye aliyeleta madaraja ya dan. Karate ya Okinawa wakati huo haikuwa na mikanda ya rangi wala vyeti vya kubandika ukutani. Gichin Funakoshi alipoileta Tokyo mwaka 1922, Kano alimwalika aionyeshe Kodokan, na mwaka 1924 Funakoshi akatoa mikanda myeusi ya kwanza kwa wanafunzi wake. Kwa hivyo desturi tunayoambiwa ni ya kale kabisa, ndani ya karate bado haijatimiza miaka 110. Na zile rangi za katikati? Anayetajwa mara nyingi kwa kuzieneza ni Mikonosuke Kawaishi, Mjapani aliyefundisha judo Paris kuanzia miaka ya 1930. Wanafunzi wake walikuwa Wazungu watu wazima ambao hawangevumilia kukaa miaka na mkanda uleule bila kujua wamefika wapi. Akawapa hatua fupi fupi.

Angalia hiyo tena. Rangi zilienea kwa ajili ya watu wazima wenye shughuli zao. Halafu ziangalie zile kata tano za Heian tunazofanyia mitihani ya chini: zilitungwa na Anko Itosu, mwalimu wa Funakoshi, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati karate ilipokuwa inaingizwa katika shule za Okinawa. Yaani kata ni za watoto wa shule, rangi ni za watu wazima wenye haraka, na kila kizazi kilichukua kile kitu kikakikata kulingana na watu waliokuwa mbele yake. Ukiniambia sasa kwamba hakiwezi kukatwa tena kimfae muuguzi wa Nairobi, wewe hutetei desturi. Unatetea kalenda yako.

Huyo muuguzi yupo. Sitamtaja jina. Anafanya kazi ya zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, na zamu hazimuulizi karate iko siku gani. Akitoka zamu ya usiku Jumamosi asubuhi huja mazoezini moja kwa moja, macho mekundu, chai kwenye kikombe cha kufunika. Kusimama kwake katika zenkutsu-dachi, ule mkao mrefu wa mbele, ni kuzuri kuliko kwangu. Goti limetulia, kisigino cha nyuma hakiinuki. Lakini kwenye klabu alipokuwa kuna sheria: mahudhurio 24 ndani ya miezi mitatu ama hufanyi mtihani. Yeye hupata 15, labda 16. Na karate mstari hupangwa kwa mkanda. Kwa hivyo mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ambaye usiku huo alikuwa anashughulika na uhai wa watu, anasimama nyuma ya kijana wa sekondari aliyeanza baada yake na ambaye kata yake inafanana na mtu anayefukuza nyuki. Mitihani mitatu imempita hivyo. Haikuwa kwamba ameshindwa. Hata kushindwa alinyimwa.

Hapo ndipo mimi huwa nakasirika, na nitawaambia kwa nini.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, stori ni fupi hivyo. Lakini kabla niache niliona kitu ambacho sijasahau: siku ya mtihani, kijana amesoma, anajua, amesimama nje ya mlango kwa sababu hajamaliza kulipa na hana kadi ya mtihani. Ndani kuna mwingine amelipa kila kitu na hajui hata jina la somo. Wote wawili watakuwa na kitu kimeandikwa kwenye karatasi, na karatasi haitasema ukweli kuhusu yeyote kati yao. Watu hudhani msee aliyeacha chuo anachukia mitihani. Mimi naipenda. Mtihani wa mkanda ndio mtihani pekee uliobaki katika maisha yangu ambao nimeuchagua mwenyewe, na ambao mtu anayejua kuniliko ananiangalia kwa dakika ishirini kisha ananiambia uso kwa uso: hapa uko sawa, hapa bado. Mteja wa harusi hakuambii hivyo. Yeye ama analipa ama anapotea. Algorithimu ndiyo kabisa, hiyo hata kukuona haijakuona.

Kwa hivyo nikiona dojo inaanza kufanya yale yale ya chuo, kufungia nje anayejua na kupitisha aliyelipa, naona wanaharibu kitu adimu sana.

Twende kwenye hesabu kidogo, kwa sababu watu wazima wengi hujidanganya hapa na klabu huwasaidia kujidanganya. Chukua darasa la saa moja na nusu. Mwanafunzi wa chuo anayekuja mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 amepata saa 54 za mazoezi. Wewe unayekuja mara moja kwa wiki umepata 18. Ukitaka saa zake 54, utahitaji wiki 36, karibu miezi tisa. Sasa zidisha kwa mitihani tisa ya kyu: yeye miaka miwili na miezi mitatu, wewe miaka sita na miezi tisa. Hiyo ni kama hujaugua, hujafiwa, hujahamishwa kazi, na mvua haijafunga barabara.

Miaka sita na miezi tisa. Najua inauma. Lakini ndiyo hesabu, na mtu akikuahidi vingine muulize anazitoa wapi saa zinazokosekana. Mimi nimesikia ahadi hizo. Mkanda mweusi kwa miezi kumi na minane, madarasa mawili kwa mwezi, lipa kwa awamu. Kuna ile ya kurushwa daraja mbili kwa mtihani mmoja, ambayo kwa kijana mwenye kipaji anayelala dojo naweza kuielewa, lakini nimeona wakiwapa watu wazima kwa sababu tu ada ya mara mbili huingia kwa siku moja. Kwetu mtihani ni shilingi 1,500. Kwa mtu wa familia hiyo ni unga, mafuta na tokeni. Anayelipa pesa hiyo ana haki ya kuambiwa ukweli.

Na ukweli una faida. Tulikuwa na makanga mmoja darasani. Alifanya mtihani wenye kata ya Heian Nidan, ambayo imejaa mkao wa kokutsu-dachi: uzito wako karibu asilimia 70 unakaa mguu wa nyuma. Yeye alikuwa anaegemea mbele kila mara, labda ni mazoea ya kuning'inia mlangoni mwa matatu. Sensei akamwangusha. Mbele yetu sote, bila matusi, akamwonyesha kosa mara mbili na kumwambia arudi baada ya wiki sita, hatalipa tena. Jamaa alinuna siku mbili tatu. Kisha akarudi. Sasa hivi ukitaka kuona kokutsu-dachi iliyonyooka hapo kwetu unamwangalia yeye. Nina hakika kabisa kwamba angepitishwa siku ile, mkao wake ungekuwa bado umepinda na mkanda wake ungekuwa mbele yake daraja mbili.

Nisisitize pia jambo ambalo vijana wa mtandao hawapendi kusikia. Mkanda unaodanganya ni hatari. Si kwa heshima ya karate tu, ni hatari kwa mwili wako. Watu wazima wengi, hasa akina dada, wanakuja karate kwa sababu ya stejini saa mbili usiku, ya simu iliyonyakuliwa, ya boda aliyebadilisha njia. Ukimfunga mtu huyo mkanda wa kahawia na hajawahi kupigwa ngumi ya kweli kifuani katika kumite, hujampa ulinzi wowote. Umempa sababu ya kutokimbia wakati alipaswa kukimbia.

Kuna upande mwingine, na huu nakubaliana nao nusu. Watu husema: lakini mwili wa miaka 40 si wa miaka 16, mbona mtihani uwe mmoja? Mimi nasema mtihani uwe mmoja katika yale yanayohusu kujua, na uwe mpole katika yale yanayohusu mishipa. Teke la mawashi geri si lazima lifike sikioni. Mtu wa dawati anayekaa saa tisa kwa siku akilifikisha mbavuni, goti likitangulia, nyonga ikigeuka, mguu ukirudi kabla ya kushuka, hilo ni teke. Kijana anayelirusha hadi kichwani huku mguu wa kusimamia unayumba, hilo si teke, ni bahati. Urefu punguza. Lakini mkao, muda, na kujua kuisimamisha ngumi kabla haijamvunja mwenzako pua, hapo mtu mzima asipunguziwe hata chembe. Kwanza yeye ndiye anayejua gharama: akivunjika kidole Jumamosi, Jumatatu hakuna atakayemlipa kwa kukaa nyumbani.

Na saa? Kama darasani unapata moja na nusu tu kwa wiki, nyingine zitoke wapi? Hapa ndipo Funakoshi mwenyewe ananifurahisha. Huyu mzee tunayepigia magoti picha yake alikuwa mwalimu wa shule huko Okinawa. Mchana alifundisha, usiku alitembea kwenda kwa walimu wake kufanya karate. Ameandika kwamba kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua miaka kumi. Miaka kumi, kata tatu, na hakuna aliyempa rangi yoyote ya kumtia moyo. Alipofika Tokyo akiwa na zaidi ya miaka hamsini, alikuwa mtunzaji wa hosteli ya wanafunzi wa Okinawa, anafagia vyumba, na huku anafundisha. Manze, huyo alikuwa hasla kutushinda. Kwa hivyo msee akiniambia karate ni ya watu wasio na kazi namuuliza anamzungumzia nani hasa.

Halafu kuna jambo nimeligundua kwenye bedsita yangu. Heian Shodan inahitaji nafasi, unakwenda mbele na kurudi, utagonga jiko la gesi. Lakini Tekki Shodan inatembea kwenye mstari mmoja, kulia na kushoto, kama kaa wa Mombasa. Ukiwa na nafasi ya kitanda na nusu unaweza kuifanya yote. Kwa kawaida hufundishwa ukikaribia mkanda wa kahawia. Mimi nimeanza kujifunza mapema, sensei anajua, na naifanya nikisubiri video ipakuliwe usiku. Miondoko 29, haifiki dakika mbili. Mara tano ni dakika kumi. Siku tano kwa wiki ni karibu saa nzima ambayo hakuna mtu ameiandika kwenye daftari la mahudhurio.

Na hilo daftari ndilo ninalotaka libadilike. Mimi si sensei, lakini nalipa kama wengine, kwa hivyo nitasema. Kwanza, mahudhurio yasihesabiwe ndani ya miezi mitatu. Yahesabiwe tu. Muuguzi akifikisha 24 kwa miezi mitano, amefikisha 24. Kwani yale ya Januari yameoza? Halafu mtu akiwa tayari, atahiniwe siku ya kawaida ya mazoezi, Jumanne jioni, watu wawili watatu, mwisho wa darasa. Najua mtahini wa nje hawezi kuja kila Jumanne, na kwa mkanda wa kahawia na mweusi lazima awepo, hapo sina ubishi. Lakini kwa rangi za chini, katika klabu nyingi sensei huyo huyo ndiye anayeshika kalamu Jumamosi. Jicho lake halibadiliki siku ya wiki. Anayeanguka arudie bila kulipa ada nzima, ili sensei asiwe na sababu ya kumpitisha kwa aibu ya kumla pesa mara mbili.

Kitu kimoja kwenu wanafunzi watu wazima, kwa sababu lawama zote si za klabu. Sensei akikwambia bado, usianze kumweleza kuhusu bosi wako na jam ya Mombasa Road. Anajua. Sisi sote tunapita hapo. Muulize tu bado wapi: ni mguu, ni nyonga, ni pumzi? Akikujibu kwa uhakika, umepata zaidi ya mkanda. Akishindwa kukujibu, akabaki anasema nidhamu, nidhamu, basi hapo una haki ya kufunga begi.

Yule dada alifunga lake. Aliondoka mwezi uliopita, na hajaacha karate, anatafuta dojo nyingine. Anaweza kufika mahali popote kati ya Ngara na Kasarani, hana shida kuanza tena na mkanda mweupe, na swali lake ni moja tu: je, wanafanya mtihani katikati ya wiki? Kama kwenu wanafanya, nitumie ujumbe leo. Wiki hii ana zamu ya mchana, jioni yuko huru.